Uzi: Bamba la kumbukumbu ya utumwa kwenye njia ya misafara. Tulichambue kabla halijachongwa

#1 Mlinzi wa Njia

Wakuu, salaam. Kuna kijiji kwenye njia ya kati ya misafara, ile ya Bagamoyo–Tabora–Ujiji. Kamati yake inataka kuweka bamba la kumbukumbu karibu na miembe ya zamani na kulizindua tarehe 23 Agosti. Fundi anasubiri maneno. Rasimu iliyopo ni hii:

*"HAPA NDIPO MAMILIONI YA WATUMWA WALIFUNGWA MINYORORO NA WAARABU CHINI YA MWEMBE HUU, WAKISUBIRI KUPELEKWA SOKO LA ZANZIBAR. UTUMWA ULIKOMESHWA NA WAINGEREZA MWAKA 1873. TUSISAHAU."*

Naomba ichambuliwe neno kwa neno. "Hongereni sana" wekeni akiba, tutazitumia siku ya uzinduzi.

#2 Mzee wa Nyaraka

Nianze na "hapa", maana ndilo neno gumu kuliko yote na ndilo watu huliandika bila kufikiri.

Njia ya kati haikuwa barabara moja. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke mwaka 1857 walipita Zungomero. Stanley mwaka 1871 alipita Simbamwenni, karibu na Morogoro ya leo. Misafara ilihama kufuata maji, hongo za watemi (yaani ushuru wa kupita), njaa na vita. Kwa hiyo kijiji kinaweza kuwa kituo kikubwa kwa miaka ishirini kisha kikasahaulika.

Ushahidi wa "hapa" utafuteni kwa mpangilio huu. Kwanza shajara za wasafiri: Burton, Speke, Stanley, Cameron, na wamisionari waliowafuata. Msitafute jina la kijiji kama linavyoandikwa leo. Andikeni matamshi yote yanayowezekana, maana hao waliandika kwa masikio ya kigeni: R na L hubadilishana, "U" ya nchi hubandikwa popote, na mara nyingi kilichoandikwa ni jina la mtemi, si la mahali. Pili, ramani za Wajerumani za kipimo cha 1:300,000. Zinaonyesha njia, visima na makambi. Tatu, Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, majalada ya utawala wa Kijerumani. Nne, wazee.

Vyanzo viwili visivyotegemeana vikikubaliana, andikeni "kijijini hapa". Kikiwa kimoja, andikeni "katika eneo hili". Kama hakuna hata kimoja, bamba lizungumzie njia, lisizungumzie kituo.

Na "chini ya mwembe huu" ifutwe leo leo. Umri wa mwembe haujulikani kwa kupima unene wa shina. Mti wenye maji ya kutosha hunenepa haraka, wa kwenye ukame hudumaa. Miembe kwenye njia ya misafara ni dalili nzuri kwamba watu walipita wakala na kutupa kokwa, ila mti fulani mmoja hauwezi kutoa ushahidi kwamba mtu fulani alifungwa chini yake.

#3 Bint Kaole

Nakazia kwa Mzee wa Nyaraka, halafu niingie kwenye "mamilioni".

Takwimu nzuri tulizonazo ni za forodha, kwa sababu Sultani wa Zanzibar alitoza ushuru kwa kila kichwa. Bandari ya Kilwa, kwa miaka mitano kuanzia 1862/63 hadi 1866/67, ilisajili watu 97,203 waliosafirishwa: 76,703 kwenda Zanzibar na 20,500 kwenda kwingine. Tena hiyo ndiyo bandari iliyoongoza. Waliotoroshwa bila ushuru hawamo, na waliokufa kati ya Ziwa Nyasa na pwani hawamo. Sasa kijiji kimoja cha bara kitapataje mamilioni?

Msomaji akishabaini namba moja ya uongo, anatupa bamba zima, na wapo wanaongoja kwa hamu hiyo nafasi ya kusema "mnaona, walitia chumvi". Msiweke namba kabisa. Kwa njia ya kati hakuna daftari kama la Kilwa.

Jambo la pili ambalo wengi halitawapendeza: wengi wa waliouzwa nje walipitia Kilwa, si Bagamoyo. Njia ya kati ilikuwa kwanza njia ya pembe za ndovu. Watu waliouzwa walipita, tena wengi, lakini hawakuwa ndio mzigo pekee.

#4 Kivinje

Hapo kwa dada Bint Kaole naongezea kosa linalorudiwa na waongoza watalii kila siku: kumwita kila aliyebeba mzigo mtumwa. Wapagazi wengi wa njia ya kati walikuwa Wanyamwezi, watu huru. Walikuwa wakipatana ujira kabla ya kuondoka, hulipwa kwa vitambaa, shanga au waya, na wakionewa walitua mizigo wakagoma. Ukiwaandika watumwa wote, umewanyang'anya kazi yao na jina lao.

Ndiyo maana hata jina la Bagamoyo lina tafsiri mbili zinazogombana. "Bwaga moyo" ya aliyekata tamaa kwa sababu mbele yake ni bahari, na "bwaga moyo" ya mpagazi aliyetua mzigo baada ya miezi njiani, apumzike. Ukisimama ufukweni mwongozaji atakupa ya kwanza kwa sababu ndiyo inayouza picha.

Minyororo nayo. Kwenye njia ya kusini, ya Nyasa, kinachotajwa sana ni kongwa, gogo lenye panda linalobanwa shingoni kwa chuma au ukambaa. Makundi mengine yalifungwa mnyororo mmoja unaopita kwenye pete za shingo, na watoto mara nyingi hawakufungwa, walifuata tu mama zao. Mkitaka kukwepa mabishano andikeni "walifungwa shingoni". Hiyo inabeba yote mawili na ni kweli.

#5 Kisiki

Mnazunguka mbuyu. Waarabu ndio walioshika biashara hii. Andikeni.

#6 Kivinje

Mkuu Kisiki, tuhesabu mikono. Aliyeteka: mara nyingi ni jirani wa bara, katika vita, kwa deni, au wakati wa njaa mtoto akatolewa kwa chakula. Wakuu wa Kiyao waliendesha misafara yao wenyewe hadi Kilwa. Kwenye njia ya kati walikuwepo Waswahili, Waarabu wa Oman waliokaa Tabora na Ujiji, na Wanyamwezi wafanyabiashara. Aliyekopesha mtaji: matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, na forodha yenyewe ilikodishwa kwao kwa miaka mingi. Mnunuzi: mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, mashamba ya nafaka ya Malindi, Uarabuni na Ghuba, na kabla yake Wafaransa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao na Wareno waliopeleka Brazil. Na pembe zile ziliishia kwenye vitufe vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani.

Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, upande wa baba yake alikuwa na damu ya Kiafrika. Utamweka upande gani wa neno "Waarabu"?

Hakuna anayesema wafanyabiashara wa Kiomani wasitajwe. Kwenye maonyesho yenye kurasa nyingi watajwe, tena kwa majina na mahesabu yao. Kwenye bamba la maneno hamsini, neno moja la kabila linageuka kidole kinachomwelekea muuza duka wa mtaani ambaye babu yake hakuwahi kumiliki mtu. Historia yetu ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 inatosha kutufundisha neno kama hilo linaweza kuishia wapi.

#7 Mzee wa Nyaraka

Tarehe sasa. "Ulikomeshwa na Waingereza mwaka 1873" ina makosa matatu kwenye maneno matano.

Mkataba wa Juni 1873, uliotiwa saini na Sultani Barghash kwa shinikizo la Uingereza, ulifunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku usafirishaji kwa bahari. Kumiliki mtu kuliendelea kuwa halali. Misafara ya bara ilikatazwa kwa amri za 1876. Zanzibar ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa tarehe 6 Aprili 1897, lakini masuria waliachwa nje hadi 1909. Pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Tanganyika: Wajerumani waliamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya 31 Desemba 1905 wawe huru, wakaacha wazazi wao vilevile. Sheria iliyofuta utumwa Tanganyika ni ya 1922.

Kwa kijiji cha bara, mwaka unaowahusu ni 1922.

Kinachosahaulika zaidi ni kilichofuata. Amri ya 1897 ililipa fidia wamiliki, si waliomilikiwa. Aliyetaka uhuru alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na aliyeachwa huru bila kuonyesha makazi na njia ya kujikimu aliweza kuhesabiwa mzururaji. Ardhi ilibaki kwa wenye mashamba. Wengi wakabaki palepale, wakipalilia karafuu za bwana yuleyule ili waruhusiwe kulima muhogo wao katikati ya mikarafuu. Kama maonyesho yenu yatakuwa na ubao wa pili, hilo ndilo la kuandika.

#8 Zuhura wa Ng'ambo

Neno "watumwa" je? Naona limeachwa.

"Mtumwa" katika Kiswahili linasikika kama aina ya mtu, kana kwamba alizaliwa nalo. "Waliotekwa na kuuzwa" linaonyesha kuna aliyeteka na aliyeuza. Siyo mapambo hayo. Ukisoma Kiswahili cha karne ile unakuta ngazi nzima: mateka, mjinga (mgeni aliyeletwa karibuni, hajui lugha), mzalia (aliyezaliwa utumwani), suria, mjakazi, mtwana (mtumwa wa kiume), mtoro. Kila neno lilikuwa na haki zake na mipaka yake. Hata "kibarua" tunayoitumia leo ni kijibarua, cheti cha kazi ya siku. Mjini Zanzibar vibarua wengi wa wakati huo walikuwa watu waliokodishwa na mabwana zao, ujira wakagawana.

Ila msiende kupita kiasi hadi neno "utumwa" lenyewe likafichwa. Nimeona mabamba yanayosema "biashara ya kihistoria". Biashara ya nini, maembe?

#9 Bint Kaole

Bi. Zuhura umenikumbusha upande wa mahojiano, na hapa ndipo kamati nyingi zinapoharibu.

Usimwendee mzee ukamuuliza "bibi yako alikuwa mtumwa?" Pwani na kwenye miji ya misafara, kuitwa uzao wa watumwa bado kunagusa ndoa, haki ya shamba, hata nafasi ya mtu msikitini. Ukiuliza hivyo jibu ni moja tu: "Sisi? Hapana. Wale kule." Na "wale kule" utakuwa umeshawatia doa.

Ulizeni hivi: Wazee wenu walitokea wapi? Walifika na nani? Shamba hili alilitoa nani? Nyimbo gani ziliimbwa kwenye misiba ambazo hazikuwa za lugha ya hapa? Kuna majina gani ya ukoo yasiyorudiwa kupewa watoto? Majina kama Mabruki, Feruzi, Faraji yakijaa kwenye kizazi kimoja ni dalili ya kufuatilia, siyo hukumu.

Wahoji wawe wawili, mmoja aulize, mwingine arekodi na kuandika. Isizidi saa moja. Ridhaa ichukuliwe mara mbili: kabla ya kuanza, na baada ya mzee kusikilizishwa alichosema, kwa sababu ya pili ndiyo ridhaa ya kweli. Rekodi ziwe nakala mbili katika sehemu mbili, kila moja na namba badala ya jina, na daftari la kuunganisha namba na majina likae kwa mtu mmoja anayeaminiwa na pande zote. Kusoma majina hadharani kusifanyike mpaka ukoo mzima ukubali. Mmoja wao akikataa, jina halisomwi.

#10 Juba

Naongezea kuhusu nani aalikwe. Uzao wa waliouzwa kwenye njia zetu hauko Tanzania tu.

Kuna Wazigua wa Bonde la Juba, Somalia. Wazee wao walichukuliwa katika karne ya 19, wakatoroka mashambani kwenye pwani ya Banadir na kujenga vijiji msituni. Kizigua walikitunza muda wote huo. Somalia walibaguliwa kwa nywele na asili yao. Vita vya 1991 vikawafukuza, na baadhi walirudi hadi Handeni na kupewa uraia wa Tanzania. Wapo pia "Wazanzibari" wa Durban: mamia ya watu, wengi Wamakua, waliookolewa na manowari za Kiingereza kwenye majahazi baada ya 1873 na kushushwa Natal kufanya kazi kwa mikataba. Serikali ya ubaguzi wa rangi ikahangaika iwaweke kundi gani, mwisho ikawahamishia Chatsworth.

Kwa hiyo sahau kichwa cha habari "safari iliishia Zanzibar". Hata kwenye rasimu yenu, "kupelekwa soko la Zanzibar" si sahihi kwa wote. Wengi waliuzwa njiani, wakabaki Ujiji, Tabora na kwenye mashamba ya pwani ya bara, hasa baada ya soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, kufungwa.

#11 Afisa Mstaafu

Vibali, kwa ufupi, maana watu huvichukulia kama urembo halafu bamba linang'olewa.

Mkutano mkuu wa kijiji kwanza, muhtasari wenye sahihi na mahudhurio. Kisha ofisa utamaduni wa halmashauri, kisha Idara ya Mambo ya Kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na marekebisho ya 1979, inalinda moja kwa moja majengo na vitu vya kabla ya mwaka 1863. Hapo ndipo panapouma: kituo cha misafara cha miaka ya 1870 au 1880 hakina ulinzi huo mpaka waziri akitangaze. Msidhani kwa kuwa ni cha zamani basi kiko salama. Ombi la kutangazwa liambatane na ramani, picha na ule ushahidi wa Mzee wa Nyaraka.

Taja pia kwamba mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya watumwa na pembe kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Kijiji kilicho katikati ya vituo hivyo kina hoja.

Na pimeni kutoka katikati ya barabara kuu. Hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande. Bamba likiwa ndani ya hapo, siku ya upanuzi halina mtetezi.

#12 Fundi Zege

Nilikuwa nasubiri zamu. Shaba nyeupe, shaba nyekundu, alumini: msiweke. Itaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya mwaka kwisha. Bati la kupakwa rangi linababuka kwa jua. Mbao, mchwa. Wekeni jiwe la matale lililochongwa herufi kwa kina cha milimita 3 hadi 4, zikijazwa rangi nyeusi ambayo hata ikibabuka mchongo unasomeka.

Nguzo isimame na uso ulalie nyuma kidogo ili mvua iteremke na msomaji asiiname. Katikati ya bamba iwe kama mita moja kutoka chini, mtoto na mtu wa kiti cha magurudumu wasome. Msingi sentimita 60 kwa 60 kwa 60, zege la 1:2:4, saruji, mchanga, kokoto. Hiyo inakula mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Mwagilieni siku saba kabla ya kuweka jiwe. Wengi huweka kesho yake kwa kuwa mgeni rasmi amekwisha kualikwa, na baada ya masika jiwe linakuwa limeinama.

Kaeni mbali na miembe. Msipigilie chochote kwenye shina, wala msichimbe msingi chini ya kivuli chake, mtakata mizizi. Mkutano wa watu mia tano kukanyaga hapo kila mwaka nao unashindilia udongo mpaka mti unakauka kileleni. Zungushieni kamba.

#13 Chokaa Hai

Kwa wenye maeneo ya pwani, magofu ya matumbawe na mapango: saruji ni adui. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua, unyevu huingia na kutoka. Ukizibia nyufa kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani, chumvi inaganda nyuma ya plasta na uso wa jiwe unamenyeka vipande vipande. Tumieni chokaa na mchanga, 1:3, na msiukaushe haraka. Mapangoni msipake rangi, msiwashe mishumaa ukutani, msichore majina.

#14 Zuhura wa Ng'ambo

Kuna suala la vitu vya maonyesho. Hamu ya kuwa na kitu cha kushika ni kubwa, na hapo uongo huingia kwa mlango wa mbele.

Mifano miwili. Kwenye misheni ya Bagamoyo kuna mbuyu uliomeza mnyororo. Watalii wengi wakiuona tu huanza kulia. Mnyororo ule, kama wenyeji wa misheni wanavyoeleza, ulikuwa wa kumfungia punda. Mkunazini nako, vyumba vya chini ya ardhi vinavyoonyeshwa kuwa mahabusu ya watumwa viko chini ya jengo lililojengwa na misheni baada ya soko kufungwa mwaka 1873, na wanahistoria wamevitilia shaka kwa sababu hiyo hiyo. Soko lilikuwepo, hilo halina ubishi, na kanisa lilisimamishwa juu yake makusudi na Askofu Steere. Hapahitaji pango la kuongezea.

Ukitaka kuona kitu kinachofanya kazi bila kudanganya, nenda kando ya kanisa hilo hilo. Sanamu za Clara Sörnäs za mwaka 1998: watu watano ndani ya shimo, wamefungwa shingoni kwa mnyororo. Msomaji anasimama juu na kuwatazama chini, na anagundua kwamba amesimama alipokuwa akisimama mnunuzi. Hakuna aliyedai kwamba shimo lile ni la kale.

#15 Kisiki

Sawa, hoja ya Waarabu nimeielewa, siipendi lakini nimeielewa. Swali: kuigiza je? Vijana wa shule wafungwe kamba, watembee, watu waone.

#16 Bint Kaole

Hapana, mkuu. Watoto hucheka wakiwa na hofu, watazamaji hutoa simu, na ndani ya dakika tano imekuwa vichekesho. Au mzee mmoja kwenye umati anamwona mjukuu wake kafungwa shingo na mambo yanaharibika.

Matembezi yanatosha. Msafara uliondoka alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali, basi nanyi ondokeni saa kumi na moja na nusu. Kilomita tatu, maji lita moja kwa kila mtu, gari moja nyuma kwa wazee. Hakuna vipaza sauti njiani. Mkifika, someni kifungu kifupi kutoka kwenye shajara zilizotaja eneo, kisha dua, sala, na tambiko kama wazee wanalo. Pangeni zamu hizo wiki mbili kabla, mbele ya wote, na kila mmoja apewe dakika tano zilezile. Ugomvi mwingi wa siku hizi hautokani na historia, unatokana na nani aliombwa kufungua. Hotuba ya mgeni rasmi iwe moja na iwe ya mwisho kabla ya kufunua bamba, la sivyo jua litawakuta.

Tarehe 23 Agosti ni nzuri. Ni ya UNESCO, inakumbuka uasi wa watumwa wa Haiti ulioanza usiku wa 22 kuamkia 23 Agosti 1791, na kwenu ni kiangazi. 25 Machi ya Umoja wa Mataifa inaangukia masika, barabara hazipitiki.

#17 Mlinzi wa Njia

Kuna mjumbe amependekeza mitungi ya udongo, kama wanavyofanya Marekani.

#18 Juba

Ile ya Montgomery, Alabama. Jamii za huko huchota udongo mahali mtu mweusi alipouawa na kundi la watu bila mahakama, wanautia kwenye chupa yenye jina na tarehe. Kumbukumbu kubwa ilifunguliwa Aprili 2018, ina nguzo za chuma zaidi ya 800, moja kwa kila kaunti, na kila nguzo ina pacha wake aliyelazwa nje akisubiri kaunti ije kumchukua na kumsimamisha kwao.

Cha kuiga hapo ni utaratibu wa pacha: wenyeji wafanye kazi ya utafiti na mazungumzo kwanza, alama ije baadaye. Udongo wenyewe uacheni. Kule kuna jina, siku na mahali pa kifo. Ninyi hamna jina hata moja. Halafu kuchota udongo penye makaburi yasiyojulikana kutawagombanisha na wazee, na mkichimba eneo la kale bila kibali mmevunja sheria.

#19 Mlinzi wa Njia

Rasimu ya pili. Shajara mbili na ramani moja vinakubaliana kuhusu kijiji, kwa hiyo "kijijini hapa" imebaki.

*NJIA YA MISAFARA*

*"Katika karne ya 19 njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji ilipita kijijini hapa. Walipita wapagazi wenye mizigo ya pembe, na walipita wanaume, wanawake na watoto waliotekwa na kuuzwa. Wengine walifungwa shingoni. Wengine hawakufika pwani. Sheria ya Tanganyika iliufuta utumwa mwaka 1922. Bamba hili limewekwa na wanakijiji."*

Kulikuwa na sentensi "wengine walitoroka na kujenga maisha hapa". Imetolewa mpaka mahojiano yakamilike.

#20 Mzee wa Nyaraka

Inasimama. "Tusisahau" mmeiondoa, vyema.

#21 Zuhura wa Ng'ambo

Ile sentensi ya watoro isipotee. Ikithibitika ndiyo pekee inayowaonyesha wakifanya jambo, badala ya kufanyiwa. Fundi, kuna nafasi?

#22 Fundi Zege

Maneno 49 ukiacha kichwa. Jiwe la sentimita 80 kwa 60, pembezoni acha tano tano. Herufi za milimita 20 zinaingia kama 50 kwa mstari, sawa na maneno saba, kwa hiyo mistari saba au minane. Kichwa herufi za milimita 40. Chini inabaki nafasi ya mistari mitatu, hata minne. Nitaiacha wazi, nitaisugua tu ing'ae kama sehemu nyingine. Mkipata uhakika naja na patasi, jiwe halitolewi.

Ila nitumieni maneno yaliyochapwa, yakiwa na sahihi za watu watatu waliosoma herufi kwa herufi. Kwenye jiwe hakuna kufuta.